Jinsi ya kuielewa hewa ya mtaa wako kwa sensa za pamoja: kuanzia kufunga kifaa mpaka kuchora grafu

Ukifungua app kwenye simu ikakwambia hewa ya Dar leo ni "ya wastani", iyo namba mara nyingi haijapimwa karibu na unapoishi, ni makadirio ya kompyuta kutokana na picha za satelaiti na mahesabu, kwaiyo anayekaa Masaki kwenye upepo wa bahari na anayekaa jirani na dampo la Pugu Kinyamwezi wanaweza wakapewa jibu moja. Na hata pale penye vipimo vya uhakika, vinaweza vikazimwa siku yoyote na mtu aliye mbali. Machi 2025 Marekani iliacha kuonyesha data za hewa kutoka kwenye balozi zake duniani, na watu wa Kampala na Addis Ababa waliokuwa wanazitegemea wakabaki hawana.

Ndo maana mimi naamini sana kwenye sensa ndogo, yaani vifaa vya kupimia vumbi na moshi hewani, ambazo watu wa kawaida wanazifunga nyumbani kwao na kuachia data kila mtu aione. Huu mwongozo ni wa kukufikisha sehemu moja tu: useme kwa ushahidi hewa ya mtaa wako inachafuka saa ngapi na uchafu unatokea upande gani. Sio "hewa ni mbaya", iyo kila mtu anaijua. Saa ngapi na upande gani, hapo ndipo mtu anaweza akafanya kitu.

Anza na swali, sio na kifaa

Kabla hujanunua chochote kaa chini uandike swali moja. Mfano: moshi unaoingia chumbani kwa watoto usiku ni wa majiko ya mkaa ya jirani au wa takataka zinazochomwa kule bondeni? Au: shule iko pembeni ya barabara kubwa, wanafunzi wanavuta nini wakati wa kuingia asubuhi? Swali ndo linaamua sensa ikae wapi, ikae muda gani, na uchore grafu ya aina gani. Bila swali utajaza faili la namba na baada ya mwezi hujui ulikuwa unatafuta nini.

Angalia kwanza data ambazo wenzako wameshaziweka

Fungua ramani ya Sensor.Community (maps.sensor.community). Huu mradi ulianza 2015 Stuttgart, Ujerumani, mji ulioko bondeni ambako hewa hutuama, na njiapanda ya Neckartor ilikuwa inajulikana kwa hewa chafu nchi nzima. Wananchi wakaanza kufunga sensa wenyewe, mradi wakati huo ukiitwa luftdaten.info, sasa hivi umesambaa dunia nzima. Ukiangalia Stuttgart utakuta vidoti vimebanana, ukishuka huku kwetu vidoti ni vya kuhesabu, na hapo ndo unaona kila sensa moja ya huku ina thamani kiasi gani.

Pita pia OpenAQ, wao wanakusanya data za vyanzo vingi, vya serikali na vya sensa ndogo, wanaziweka sehemu moja. Kwa Uganda angalia AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2015, wanatengeneza vifaa vyao wenyewe vinavyohimili vumbi na joto la kwetu na baadhi waliwahi kuvifunga kwenye bodaboda. Kwa Kenya kuna sensors.AFRICA ya Code for Africa. Bonyeza kidoti kimoja kilicho karibu na wewe uangalie grafu yake ya masaa 24, alafu ya wiki. Hapo hujatumia hata shilingi na tayari umeanza kuzoea macho.

Angalizo moja hapa, kuna namba mbili watu wanazichanganya kila siku. Moja ni kiasi halisi cha vumbi, maikrogramu kwa mita ya ujazo (µg/m³). Nyingine ni AQI, ambayo ni alama iliyopigwa hesabu kutoka kwenye icho kiasi, na AQI ya 50 sio maikrogramu 50. Tena viwango vyenyewe vinabadilishwa, Marekani walibadilisha vya kwao Mei 2024. Fanya kazi na maikrogramu muda wote, AQI waachie wenye app.

Unachopima ni nini hasa

PM2.5 ni chembe zenye kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini. Ni ndogo kiasi kwamba hazikamatwi puani, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Zinatoka zaidi kwenye kuchoma: mkaa, kuni, takataka, dizeli. PM10 inajumlisha izo pamoja na chembe kubwa zaidi kama vumbi la barabara ya udongo.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa 2021, linasema wastani wa PM2.5 kwa masaa 24 usizidi maikrogramu 15, na wa mwaka usizidi 5. Zamani, mwongozo wa 2005, ilikuwa 25 na 10. Shika iyo 15, utairudia sana, ila kumbuka ni wastani wa siku nzima. Ukiona 80 saa 2 usiku jirani akiwasha jiko usiseme "tumezidisha mara tano", subiri siku iishe upige wastani.

Vifaa na kufunga

Seti inayotumika sana kwenye Sensor.Community ni hii: bodi ya NodeMCU yenye chipu ya ESP8266, kipima vumbi cha SDS011, na kipima joto na unyevu cha BME280 (wengine wanatumia DHT22). Pamoja na jampa waya chache, waya wa USB, chaji ya simu ya volti 5, na elbo mbili za bomba la PVC la inchi 3 ambazo duka lolote la vifaa vya ujenzi wanazo, hizo ndo nyumba ya kuwekea vifaa vyote ndani.

SDS011 inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa, ina feni inayovuta hewa inaipitisha mbele ya mwanga wa leza, chembe zikipita zinatawanya mwanga, ni kama ule mwali wa jua unaopenya kwenye tundu la bati ukaona vumbi linaelea chumbani. Kifaa kinasoma mwanga uliotawanyika alafu kinakisia uzito. Neno ni *kinakisia*, hakipimi uzito wenyewe, na matatizo karibu yote utakayokutana nayo huko mbele yanaanzia hapo.

Kuunganisha (herufi hizi ni majina ya pini yaliyoandikwa kwenye vifaa): kwenye SDS011 TX inaenda D1, RX inaenda D2, GND kwa GND, volti 5 inachukuliwa pini ya VU ya NodeMCU. BME280 inachukua 3V3 na GND, SDA inaenda D3, SCL inaenda D4. Hakuna kulehemu kama pini zimeshawekwa. Angalia volti mara mbili kabla ya kuchomeka, BME280 usiipeleke kwenye volti 5.

Alafu pakua programu yao ya kuflashi, yaani ya kuipakia bodi maelekezo ya kazi (airRohr flasher, ipo ya Windows, Mac na Linux), chomeka bodi kwenye kompyuta, chagua lugha, bonyeza kupakia. Kompyuta isipoiona bodi kabla hujailaumu bodi badilisha waya wa USB, waya nyingi za kuchajia simu hazipitishi data. Ikishindikana weka draiva ya CH340 au CP2102 kutegemea na toleo la bodi. Ukimaliza, andika ile ID ya chipu (namba ya utambulisho ya bodi yako) sehemu ambayo haipotei.

Bodi ikiwaka itatoa waifai yake yenyewe inayoanza na airRohr. Ingia kwa simu, fungua 192.168.4.1, weka jina na neno la siri la waifai ya nyumbani. ESP8266 inashika waifai ya 2.4 GHz tu, kwaiyo ruta yako ikiwa inatoa 5 GHz peke yake utahangaika bure. Baada ya hapo jisajili devices.sensor.community, ingiza ID ya chipu, onyesha mahali kwenye ramani, taja urefu kutoka chini na kama barabara iko karibu.

Kwenye kusajili kuna kuchagua kama mahali paonekane kwa usahihi au pakadiriwe. Kama ni nyumbani kwako acha pakadiriwe. Grafu ya moshi wa jikoni inaonyesha lini watu wapo na lini hawapo, sio kila mtu anatakiwa kulijua hilo. Na kama sensa inakaa kwa mtu mwingine, muombe ruhusa kwa kumueleza kabisa kuwa data zinaonekana dunia nzima.

Iwekwe wapi

Hapa ndo kazi za watu wengi zinaharibika kuliko kwenye waya. Ifunge nje, mita 1.5 mpaka 3 kutoka chini, sehemu ambayo hewa inapita. Isiwe juu ya jiko, isiwe karibu na feni ya AC, isiwe kwenye kona ambayo hewa haitembei, na matundu ya bomba yaangalie chini mvua isiingie. Weka kipande cha chandarua kwenye matundu, buibui wanapenda sana haya mabomba na buibui mmoja akijenga ndani utapata namba za ajabu wiki nzima.

Kama swali lako ni la barabara, weka upande wa barabara. Kama ni la mtaa mzima sogea mbali kidogo na chanzo chochote kimoja. Umeme ukikatika data zinakatika, kwaiyo kama una uwezo weka pawabenki inayochaji huku inatoa, na usisahau ruta nayo inahitaji umeme. Bando usiogope, inatuma maandishi kidogo tu kila baada ya sekunde 145, picha moja ya WhatsApp ina uzito kuliko maandishi ambayo hii sensa inatuma mara nyingi sana.

Zilinganishe kabla hujaziamini

Kama mna sensa mbili au tatu, ziwekeni pamoja bega kwa bega kwa wiki nzima kabla ya kuzitawanya. Chora PM2.5 ya moja upande wa chini na ya nyingine upande wa kushoto. Doti zikikaa kwenye mstari ulionyooka mko vizuri, hata kama moja inasoma juu kidogo, unaijua tofauti yake unaipiga hesabu. Zikitawanyika ovyo kuna sensa mbovu. Watu wanaruka hii hatua kwa sababu inachosha, alafu baadae wanatangaza kuwa mtaa A una hewa chafu kuliko mtaa B kumbe ni tofauti ya vifaa viwili. Kama kuna kituo cha chuo au taasisi chenye mashine kubwa ya kupimia, waombe muweke ya kwenu pembeni yake, ni bahati kubwa ukikubaliwa.

Kupakua na kusafisha data

Data za kila siku zipo archive.sensor.community, faili moja kwa kila sensa kwa kila siku, jina linaanza na tarehe, linafuata aina ya sensa, alafu namba yake. Iyo namba sio ID ya chipu, ni ile inayoonekana ukibonyeza kidoti kwenye ramani. Na kipima vumbi kina namba yake na kipima unyevu kina yake, hivo utapakua mafaili ya aina mbili.

Chukua angalau mwezi mzima. Yaweke kwenye folda moja, kwenye Windows fungua dirisha la amri andika `copy *.csv mwezi.txt` yataungana kuwa moja, alafu futa mistari ya vichwa inayojirudia. Ukiingiza kwenye Google Sheets au Excel chagua kitenganishi cha nukta-mkato, sio koma, la sivyo kila kitu kitajazana safu moja. Safu ya F ni muda, G ni P1 yaani PM10, J ni P2 yaani PM2.5. Kwa siku isiyo na katizo unategemea karibu mistari 595.

Sasa muda. Muda ulioandikwa ni wa UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele. Mstari ulioandikwa 04:00 ni 07:00 ya Afrika Mashariki, yaani saa 1 asubuhi tunavyohesabu wenyewe. Ukisahau hili utaona kilele saa kumi alfajiri uanze kutafuta nani anapika muda huo. Tengeneza safu mpya:

`=VALUE(SUBSTITUTE(F2,"T"," "))+3/24`

ipangilie kama tarehe na saa, na pembeni yake `=HOUR(M2)` kama muda umeuweka safu ya M. Unapoonyesha watu wa mtaani, kwenye grafu andika saa za Kiswahili, usimlazimishe mama muuza vitumbua kubadilisha 19:00 kichwani.

Kusafisha: futa namba hasi na zile za 999.9 ambazo ndo mwisho wa kifaa kusoma. Namba ikibaki ileile bila kutikisika kwa masaa, feni imekufa au kuna kitu kimeziba. Siku yenye chini ya masaa 18 ya data usiipigie wastani, kwa sababu umeme ukikatika jioni ndo umepoteza saa chafu kuliko zote na siku itaonekana safi kwa uongo.

Unyevu nao. SDS011 imetengenezwa kwa unyevu usiozidi asilimia 70. Dar, Tanga, Mombasa usiku unyevu unapita hapo mara kwa mara, na chembe zikinyonya maji zinavimba, leza inaziona kubwa, namba inapanda wakati uchafu haujaongezeka. Unganisha faili la unyevu, weka alama kwenye mistari yote iliyozidi 70, chora grafu mbili, moja na mistari yote, nyingine bila iyo yenye alama. Umbo la grafu likibaki lilelile, unachokiona ni kweli. Kilele kikitoweka, kilikuwa cha maji. Usichukue fomula ya kusahihisha iliyotengenezwa Marekani ukaibandika huku, ilitengenezwa kwa hewa ya kwao.

PM10 ya sensa hizi mimi siitegemei, chembe kubwa hazisomwi vizuri. Itumie kuona inapanda au inashuka, basi.

Grafu ambazo zinajibu

Grafu ndefu ya mwezi mzima inapendeza ila haisemi kitu, ni msitu wa mistari. Grafu ya kwanza unayotaka ni ya saa za siku: tengeneza pivoti (jedwali la muhtasari ndani ya Excel au Google Sheets), mistari iwe saa 0 mpaka 23, thamani iwe PM2.5. Chukua wastani, na kama unaweza na namba ya katikati (median) pia, kwa sababu siku moja ya kuchoma majani inaweza ikabeba wastani wote. Mijini kwetu kwa kawaida utaona vilima viwili, asubuhi na jioni kuingia usiku. Inatokana na vitu viwili vikikutana: watu wanapika na magari yanajaa barabarani, na muda huohuo hewa ya karibu na ardhi imepoa imetulia, moshi hauna pa kupandia. Mchana jua likipasha ardhi hewa inapanda na uchafu unatawanyika, kwaiyo bonde la mchana halimaanishi magari yamepungua.

Kisha gawa kwa siku za kazi na Jumapili. Kilima cha asubuhi kikishuka sana Jumapili, magari yanahusika. Kikibaki palepale, angalia majiko. Gawa na kwa majira pia, masika mvua inaosha hewa, na usije ukalinganisha Aprili na Julai ukasema kampeni yenu ya usafi imeleta matunda au imeshindwa.

Ya pili ni ya upepo, na kwangu mimi ndo tamu kuliko zote. Data za upepo wa viwanja vya ndege zipo bure kwenye kumbukumbu za Iowa Environmental Mesonet, tafuta kwa kodi ya uwanja, Dar ni HTDA, Jomo Kenyatta ya Nairobi ni HKJK. Linganisha saa kwa saa, alafu panga PM2.5 kwa pande nane. Mambo mawili ya kushika: upande unaoandikwa ni ule upepo *unakotoka*, na usipige wastani wa digrii, maana digrii 350 na 10 zote ni kaskazini ila wastani wake ni 180 ambayo ni kusini. Ndo maana unatumia makundi ya pande nane. Pwani ukitenganisha miezi ya kaskazi na ya kusi, na mchana upepo ukitoka baharini na usiku ukitoka bara, unaweza ukakiona chanzo kilekile kikikufikia saa fulani tu. Uwanja wa ndege ukiwa mbali na wewe, chukulia huu upepo kama dalili, na ukipata mlingoti wa kupimia ulio karibu zaidi utumie huo. Anayejua R, lugha ya kompyuta ya takwimu, atumie kifurushi cha openair, kinachora haya yote kwa amri moja moja.

Ramani iwe ya mwisho. Mkiwa na sensa tatu msichore ile ramani yenye rangi iliyoyeyuka mji mzima, kompyuta inabuni namba mahali ambapo hakuna aliyepima. Weka doti tatu zenye rangi na namba yake, inatosha na ni kweli. Tumia kipimo kimoja cha rangi kwenye picha zote, na epuka nyekundu na kijani pamoja kwani wapo wasiozitofautisha.

Kuwapelekea watu

Ukienda serikali ya mtaa au kwenye kikao cha wazazi beba karatasi moja yenye grafu moja, ile ya saa za siku, na mstari umechorwa pale kwenye jambo mnalolijadili, mfano saa ya wanafunzi kuingia. Sema wazi kuwa ni sensa ya bei ndogo, sema mliilinganisha vipi. NEMC ya Tanzania au NEMA ya Kenya na Uganda, wasimamizi wa mazingira, hawatamfungia mtu kiwanda kwa namba za SDS011 na wala usiwaombe hivo, waombe walete mashine yao saa na upande ambao data zenu zinaonyesha. Iyo ni ombi dogo na ni gumu kulikataa. Kampala, AirQo wanafanya kazi na KCCA, mamlaka ya jiji, kwa hiyo haya mambo yanawezekana hukuhuku kwetu.

Kuanzia siku ya kwanza weka daftari. Andika umeme ulipokatika, jirani alipochoma majani, barabara ilipochimbwa, siku ulipopuliza vumbi kwenye kifaa, siku ulipohamisha bomba hata kwa mita mbili. Mtengenezaji anaikadiria SDS011 masaa 8000 ya kufanya kazi, ila kwa kuwa programu inaiamsha kidogo tu kila mzunguko itadumu zaidi ya mwaka. Ikifika umri huo iweke tena bega kwa bega na mpya kwa wiki moja, na tofauti utakayoipata iandike kwenye lile daftari pamoja na tarehe, ili atakayepakua data zako baadae ajue namba zilianza kuchoka lini.